Nyundo Inagonga Kampala, Bei Inaishia Sop Sop

Jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya mkonge, ananyanyuliwa mbele ya altare baada ya misa. Sokoni jogoo wa kimo hicho ni shilingi 35,000 za Uganda. Hapa kanisani anaanzia 10,000, na kabla mzee wa kanisa hajamaliza kumzungusha mbele ya watu, amefika 60,000. "Mwalimu, kweli utamwachia huyu?" mzee ananiuliza, kipaza sauti mkononi. Naongeza. Mama mmoja wa safu ya mbele naye anaongeza. Jogoo anachukuliwa kwa 110,000, na aliyemnunua anamrudisha mezani anadiwe upya, kwa kuwa mabati ya nyumba ya padri bado hayajatosha.

Hivyo ndivyo wengi wetu wa eneo la Padhola, wilayani Tororo, tulivyofundishwa mnada. Anayepandisha anapigiwa makofi na vigelegele, anayenyamaza anatazamwa. Kulipa mara tatu ya thamani ya kuku ndiyo sadaka yenyewe, na sina neno nalo, maana nimeona madarasa yakiezekwa kwa mayai na ndizi zilizonadiwa namna hiyo. Shida inaanza siku ya Jumatatu, mtu huyohuyo anapofungua simu, akaingia kwenye mnada wa mtandaoni akiwa na moyo uleule wa Jumapili.

Na siku hizi wanaofungua ni wengi. Sop Sop ni kaunti ndogo ya vijijini katika wilaya ya Tororo, lakini haiko mbali na milango miwili mikubwa ya mpaka wa Kenya na Uganda: Malaba na Busia. Malori yanayotoka bandari ya Mombasa kwenda Kampala, Kigali na Kongo hupita hapo. Tangu kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia kilipozinduliwa rasmi Februari 2018, gari linasimamishwa upande mmoja tu badala ya pande zote mbili. Hata hivyo kuna mizigo inayokwama: mwenyewe ameshindwa kodi, au nyaraka hazikulingana, au mali ilinaswa ikivushwa usiku kwa njia za panya. Mzigo huo huishia katika ghala la forodha, na ukikaa sana huishia mnadani.

Sheria inayoongoza jambo hili ni ya pamoja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, nayo ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Forodha hutoa tangazo, mwenye mali hupewa siku 30, na zikipita mali huhesabiwa imetelekezwa na inaweza kuuzwa kwa mnada wa hadhara. Fedha zinazopatikana hulipa kwanza kodi, kisha gharama za kuhamisha na kuuza, kisha kodi ya ghala na ada nyingine. Mzabuni akiufahamu mpangilio huo anaelewa kwa nini bei ya chini ya baadhi ya vitu inakuwa kubwa kuliko alivyotarajia. Serikali inatafuta kodi yake kwanza, na wala haijakusudia kumsaidia mtu apate cha bure. Kenya huchapisha orodha za mizigo hiyo katika Gazeti Rasmi la Serikali, Uganda hutangaza magazetini na kwenye tovuti ya mamlaka ya mapato, na minada ya pande zote mbili sasa hufanyika pia kwa njia ya mtandao. Ongeza hapo madalali binafsi wa Kampala na Nairobi, mabenki yanayouza mali za wadaiwa, na minada ya magari ya Japani, utaona kwamba aliyekaa chini ya mwembe Sop Sop akiwa na bando la shilingi elfu mbili anaweza kushindana na mtu asiyemjua kabisa, aliye maili elfu kadhaa kutoka kwake.

Neno mnada lina asili ya Kiarabu, la kuita kwa sauti. Tanzania wamelipanua hata soko la mifugo linaitwa mnada, kama ule wa Pugu, Dar es Salaam. Mnada wa simu umeondoa sauti. Humwoni unayeshindana naye, wala macho yake na viatu vyake hutavijua. Unaona namba tu, na namba haina uso wa kukuonya.

Nilikosea mwaka juzi na hesabu yake bado ninayo. Nilikuwa natafuta jenereta ndogo ya kuwashia taa na kuchajia simu. Duka moja la Busia liliuza mpya kwa 750,000, na dhamana ya mwaka mmoja. Nikaona kwenye mnada wa mtandaoni jenereta ya chapa hiyohiyo, iliyotumika, inaanzia 300,000. Kichwani nilijiambia nisivuke laki tano. Saa tatu usiku, dakika kumi za mwisho, mtu fulani alikuwa akiniongezea elfu kumi kumi. Nami nikamwongezea, kama jogoo wa kanisani. Nikashinda kwa 690,000, na kwa kweli nilifurahi, nikamwita mke wangu aje aone.

Ada ya dalali ilikuwa asilimia tano, yaani 34,500. Kuileta kwa basi mpaka Tororo na kwa boda mpaka nyumbani, 40,000. Kabureta ilikuwa imeziba na fundi alikula 95,000. Jumla 859,500 kwa mashine kuukuu isiyo na dhamana, wakati mpya ilikuwa Busia kwa pungufu ya hiyo kwa zaidi ya laki moja.

Hesabu niliyopaswa kufanya huanzia mlangoni na kurudi nyuma. Mpya dukani ni 750,000. Kitu kilichotumika, kisicho na dhamana, hakinifai ikiwa hakinipunguzii angalau moja ya tano ya bei hiyo, kwa hiyo kiwe kimefika mlangoni kwa 600,000. Toa usafiri 40,000. Toa laki moja ya matengenezo, kwa sababu kitu cha mnadani lazima kitadai fundi. Zimebaki 460,000, na ndani yake imo ada ya dalali. Dau langu lilipaswa kuishia 438,000. Naiita bei ya mlangoni, na huandikwa kwenye karatasi mchana, mtu akiwa ameshiba na hana hasira. Niliyokuwa nayo mimi ilikaa kichwani, na kichwa saa tatu usiku si karatasi.

Magari ndiko hesabu hii inakochoma zaidi. Neno boda boda lilizaliwa hapahapa Busia, pale waendesha baiskeli wa miaka ya 1960 na 1970 walipowavusha abiria kutoka boda moja hadi nyingine. Wajukuu wao wanaendesha pikipiki, na ndoto ya wengi ni kupanda daraja waendeshe gari kama Probox au Noah. Simu inawaonyesha gari la Japani la dola 2,000, na macho yanawaka.

Tuseme dau la dola 2,000 limeshinda. Wakala wa Japani ana ada yake, maana katika nyumba za mnada kama USS mtu wa nje haingii bila mwanachama. Kuna usafiri wa kwenda bandarini, meli na bima. Gari likifika Mombasa tuseme limegharimu 3,800. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni dola 950. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 hutozwa juu ya jumla ya gari na ushuru wake, nayo ni 855. Kodi ya zuio ya asilimia 6 ni 228, tozo ya miundombinu ya asilimia 1.5 ni 57. Tumefika dola 5,890 kabla ya tozo ya mazingira inayolipiwa magari yaliyozeeka, kabla ya usajili, kabla ya wakala wa forodha, kabla ya dereva wa kulitoa Mombasa.

Lipo na jambo ambalo wengi hulijua wakiwa tayari kwenye foleni ya forodha. Mamlaka ya Mapato ya Uganda ina viwango vyake vya thamani kwa kila aina na mwaka wa gari. Ukishinda kwa bei ya kutupwa, kodi haishuki pamoja na ushindi wako, kwa kuwa hukadiriwa kwa kiwango chao. Kwa hiyo anayepigania kupunguza dola mia kwenye mnada ilhali hajaangalia kiwango cha kodi cha gari hilo, amebana penye tone na kuacha bomba wazi.

Umri nao una mpaka wake. Sheria ya Uganda ya mwaka 2018 inakataza kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe. Kenya ukomo ni miaka minane. Mtu wa Busia ya Uganda anaweza kushinda gari la miaka kumi na likaingia, lakini shemeji yake aliye mita mia tatu tu ng'ambo ya pili akishinda lilelile, halitasajiliwa kwake. Na chochote unachonunua kwenye mnada upande wa Kenya, ukikivusha kuja Uganda ni lazima ukitangaze forodha upya. Utaratibu rahisi wa mizigo midogo isiyozidi dola 2,000 ni kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya. Friji ya Korea haiwi ya Afrika Mashariki kwa kuwa ilinadiwa Nairobi.

Kwa wanaonunua Japani, ipo karatasi ya mnada. Idai kwa wakala kabla ya kuweka senti, ukakae nayo. Ina alama ya jumla: 4 na kuendelea ni gari lililotunzwa vizuri, 3.5 limechoka kiasi, R au RA lilipata ajali likatengenezwa. Ina mchoro wa bodi wenye herufi: A ni mkwaruzo, U ni pale palipobonyea, W ni mahali palipokarabatiwa rangi ikawa na mawimbi, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba iliyo kando ya herufi ikikua, na dosari imekua. Wakala anayekutumia picha kumi zinazong'aa lakini "hana" karatasi hiyo, mwache.

Tukirudi kwenye dau lenyewe, kuna elimu ya miaka mingi nyuma ya vitufe tunavyobonyeza. Mwaka 1961 William Vickrey, mwanauchumi wa Chuo Kikuu cha Columbia, alionyesha kwamba katika mnada ambao mshindi hulipa bei ya mshindani wa pili, hakuna haja ya ujanja: sema thamani yako ya kweli mara moja, basi. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1996 akafariki siku tatu baada ya kutangazwa. Mifumo mingi ya mnada wa mtandaoni, kuanzia eBay iliyoanzishwa mwaka 1995, hufanya kazi karibu na hivyo. Unaweka kikomo chako, na mfumo unakuongezea kidogo kidogo, kwa kiasi cha kumzidi wa pili tu. Ukiweka 438,000 na mwingine akaishia 380,000, utalipa kama 390,000. Wengi hapa kwetu hawauamini utaratibu huo. Huogopa kwamba mfumo utakula kikomo chote, kwa hiyo huweka kidogo, hupitwa, huongeza, hupitwa tena, na kila mara damu inapanda. Kikomo kikiwekwa mara moja, vita inaisha kabla hujaishiriki.

Wapo wanaosubiri sekunde za mwisho. Wanauchumi Alvin Roth na Axel Ockenfels waliichunguza tabia hii na kuchapisha matokeo mwaka 2002. Waliona kwamba kwenye eBay, ambako saa ikifika mnada umefungwa, madau ya mwisho-mwisho yalikuwa mengi kuliko kwenye minada ya Amazon, ambako dau la dakika za mwisho lilirefusha muda. Maana yake soma masharti. Saa inayofungwa moja kwa moja humpa faida anayechelewa, kwa kuwa hawaamshi washindani mapema. Saa inayojirefusha haimpi chochote. Lakini waliochunguza hayo hawakuwa wakitegemea mtandao wa Sop Sop jioni ya mvua. Nimeona watu wakipoteza mashine nzuri kwa sababu kiduara kilizunguka na kuzunguka, na karibu na mpaka simu ikajihamishia mtandao wa nchi nyingine bando likaganda. Kwetu sisi, dau la kikomo lililowekwa saa moja kabla lina thamani kuliko mbio za sekunde tano.

Tena epuka namba za mviringo. Watu wengi huishia laki tano kamili, au milioni kamili. Aliyeandika 503,000 huwapita wote wa laki tano kwa bei ya soda mbili.

Kuna balaa lingine ambalo hesabu nzuri peke yake haiondoi. Mwaka 1971 wahandisi watatu wa mafuta wa Marekani, Capen, Clapp na Campbell, walieleza kwa nini makampuni yaliyoshinda zabuni za visima katika Ghuba ya Meksiko yaliambulia faida ndogo. Wachukue watu watano, wape gunia la maharage lililoshonwa, kila mmoja akadirie kilo. Mmoja atasema themanini, mwingine mia, na yupo atakayesema mia thelathini. Mnadani, gunia huchukuliwa na huyo wa mia thelathini. Mshindi huwa ni yule aliyekosea kwa kuzidisha kuliko wenzake. Dawa waliyotoa ni kupunguza makadirio yako kadiri washindani wanavyoongezeka na kadiri unavyokijua kitu kidogo. Mizigo ya forodha huuzwa jinsi ilivyo na mahali ilipo, na katoni ambayo huruhusiwi kuifungua ni gunia lililoshonwa. Siku ya kukagua ikitangazwa, nenda, au mtume fundi na umlipe nauli. Shilingi 30,000 za fundi wa pikipiki kusikiliza injini na kulinganisha namba ya chasisi na nyaraka ni fedha bora kuliko dau lolote utakaloongeza.

Mahali ambapo nimeona watu wa kwetu wakiokoa fedha kwelikweli ni kwenye loti kubwa. Mamlaka haziuzi simu moja moja au pea moja ya viatu. Huuza katoni arobaini pamoja, marobota kumi pamoja, pikipiki sita kwa mpigo. Mtu mmoja wa kijijini hawezi, na mfanyabiashara mkubwa wa Kampala haoni sababu ya kuhangaika na mzigo uliolala mpakani. Katikati hapo washindani ni wachache. Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, vyenye sanduku la kufuli tatu na daftari la mhuri, vinaweza kuingia hapo. Wanachama huchanga, mmoja hujisajili kwa jina lililokubaliwa, mzigo hugawanywa kwa maandishi kabla ya kununuliwa. Siwashauri kamwe wanunuzi kukubaliana pembeni nani asipandishe ili bei ife. Huo ni wizi wa wazi, na mwenye mali aliyeshindwa kodi ndiye anayeibiwa, kwa sababu salio linalobaki baada ya kodi na gharama ni haki yake.

Na kitu kisiponunuliwa kwa kuwa bei yake ya chini ni kubwa mno, usikimbilie kusikitika. Mnada wa chai wa Mombasa, ambao ulihamia kwenye kompyuta mwaka 2020, ulionyesha hilo kwa uchungu. Mwaka 2021 Kenya iliweka bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo ya chai ya viwanda vya wakulima wadogo. Nia ilikuwa njema, kumlinda mkulima, lakini wanunuzi walipita pembeni na chai ikalundikana maghalani. Bei ya chini iliyozidi soko haimlazimishi mtu kununua. Loti iliyokosa mteja mara nyingi hurudi mnada unaofuata ikiwa imenyenyekea. Andika namba yake, subiri.

Lililobaki linaniuma zaidi kuliko jenereta yangu. Kila msimu huzuka kurasa za Facebook na makundi ya WhatsApp yenye nembo ya mamlaka ya mapato, picha za pikipiki mpya zimepangwa safu, na bei za kufanya moyo uruke. Unaambiwa utume laki mbili "za kushikilia" kwa namba ya simu ya mtu. Vijana wameuza mbuzi kwa ajili ya hilo. Malipo halali ya mnada wa mamlaka ya Uganda huwa na namba ya usajili wa malipo, na hulipwa kwa mamlaka yenyewe kupitia benki au simu, kamwe si kwa namba binafsi ya ofisa. Mnada halali una tangazo lenye namba za loti, mahali pa kukagua na siku yake. Anayekukimbiza ulipe leo kabla ya jioni hana loti. Vivyo hivyo na ile michezo ya kutuma dau dogo kwa ujumbe wa simu ambapo kila ujumbe unakatwa fedha: kampuni ya Swoopo ya Ujerumani iliuza vitu kwa kumtoza mtu kwa kila dau, ashinde asishinde, ikafungwa mwaka 2011. Hiyo ni kamari iliyovaa koti la mnada.

Kikundi chetu sasa kinaifuatilia injini ya dizeli ya mashine ya posho. Fundi ameiona, ameiwasha, anasema pistoni ni nzima ila mkanda na pampu vitadai laki tatu. Mhasibu wetu ameandika bei ya mlangoni kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, akaizungushia wino mwekundu, na chini yake kikomo cha dau: 1,413,000. Watu wanne tumetia sahihi. Mnada unafungwa Ijumaa saa kumi jioni. Saa tisa tutakuwa nyumbani kwa mhasibu, simu mbili za mitandao miwili, dau litawekwa mara moja na simu zitarudishwa mfukoni. Namba ikivuka hapo, mahindi yake yako uani yanasubiri kuanuliwa kabla ya mvua, na mikono minane itatosha.